Diski ya pili inayopiga kelele: namna ya kuitambua, kuituliza na kuilaza

Kompyuta nyingi za nyumbani hapa Lubumbashi zimepitia njia moja. Mtu ananunua mtumba wa ofisi kutoka Ulaya, Dell au HP, anautumia miaka miwili mitatu, kisha fundi anamtilia SSD ndogo ili Windows iwake upesi. Diski ya zamani haitupwi. Inabaki humo ndani kuwa ghala la picha za harusi, filamu na kazi za shule. Ndipo malalamiko yanapoanza: mashine inavuma. Kwa kweli ilikuwa inavuma siku zote, ila uliisamehe kwa sababu ndiyo iliyokuwa inafanya kazi. Sasa kazi inafanywa na SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, na sauti ya ile ya pili imebaki peke yake chumbani.

Ninashikilia mambo mawili, kwa mpangilio huu huu. Usiinyamazishe diski kabla ya kujua inalia kwa nini, maana kelele nyingine ndiyo onyo pekee utakalopata. Na ikithibitika kwamba ni nzima, anza kwa kuilaza, si kwa kuifunga mpira: diski ya ghala haina sababu ya kuzunguka kutwa kucha.

Nakala kabla ya bisibisi

Nakili kwanza vitu usivyoweza kuvipata tena: picha, karatasi za kiwanja ulizoskani, kazi ya kumaliza chuo, hesabu za duka. Filamu zisubiri. Diski ikiwa inalia vibaya, usiburute folda zote kwa mpigo mmoja. Chukua ndogo zenye thamani, halafu kubwa. Mafundi wengi hukimbilia amri ya chkdsk /r, ile ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Kwa diski inayokufa, hiyo ni kuilazimisha isome kila pembe wakati pumzi zimeisha. Ifanye baada ya nakala, au usiifanye kabisa.

Sikiliza, tena vizuri

Subiri saa ambayo jenereta ya jirani imezimwa, kwa sababu mvumo wake unafanana mno na wa diski. Kisha hakikisha mshitakiwa ni diski kweli. Feni ya kichakataji na feni ya pawasaplai zikijaa lile vumbi jekundu letu la kiangazi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, hupiga kelele kuliko diski yoyote.

Kipimo cha uhakika ni hiki: zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha keisi, halafu chomoa kebo ya umeme na kebo ya data za diski ya pili. Washa. Kelele ikitoweka, umempata. Ikibaki, safisha feni. Ukipeleka mashine kwa kwado anayejaza upepo matairi ili aipulize, mwambie asimame mbali kidogo, na wewe shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Upepo wa kompresa una nguvu ya kuyaharibu, na mara nyingi hutoka na matone ya maji.

Kuna njia nyingine ya mafundi wa magari ambayo inafanya kazi vizuri hapa. Chukua bisibisi ndefu yenye mshiko wa plastiki, ncha yake igusishe ubavuni mwa diski (si upande wenye saketi), na mshiko uuweke sikioni. Utasikia mambo ya ndani ambayo hewa haikuletei. Angalia tu nywele, kitambaa na mkono visikaribie feni.

Sasa, unasikia nini?

Mvumo wa chini, mmoja, usiobadilika, unaouhisi ukiweka mkono juu ya meza: huo ni mtikisiko wa mzunguko wenyewe. Diski za mezani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, yaani mara 90 au 120 kwa sekunde, na bati la keisi linaubeba mwendo huo na kuukuza. Ukiwa na diski mbili za mwendo unaokaribiana utasikia mvumo unaopanda na kushuka polepole, wuu… wuu…, kwa sababu mitikisiko miwili inapishana. Hapo hakuna ugonjwa.

Krr-krr fupi fupi unapofungua folda au kunakili ni mkono wa kusomea unaohama kutoka sehemu moja ya sahani hadi nyingine. Hiyo nayo ni ya kawaida. Ikisikika wakati hakuna anayetumia mashine, kuna programu inayoigusa diski, na tutaitafuta baadaye.

"Tik" moja kila baada ya sekunde kadhaa, hata mashine ikiwa imetulia, ni kichwa kinachojiegesha pembeni na kurudi. Baadhi ya diski za Western Digital, hasa zile za Green, zilitoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuegesha kichwa baada ya sekunde 8 tu za utulivu. Kitu kidogo kikiigusa diski kila nusu dakika, kichwa kinaegeshwa na kuamshwa mara 120 kwa saa. Diski nyingi za mezani zimepimwa kuvumilia mara 300,000 hivi; fanya hesabu, ni saa 2,500. Kwa mtu anayewasha mashine saa 8 kila siku, hata mwaka hautimii. Kwa hiyo tik hiyo si hatari leo, lakini isiachwe.

"Klak!" moja kali wakati SNEL, shirika la umeme la Kongo, inakata umeme: diski imenusurika. Umeme ukikatika ghafla, sahani bado zinazunguka kwa nguvu ya mwendo, na motori kwa muda huo inageuka kuwa jenereta ndogo inayotoa umeme wa kukirudisha kichwa mahali salama. Kinarudi kwa kishindo kwa sababu hakuna wakati wa upole.

Sauti nyembamba inayopanda kama mbu na haishuki: beringi zinachakaa. Diski inaweza kuishi hivyo miezi mingi, lakini usiweke humo kitu kisicho na nakala.

Klak-klak-klak yenye mpangilio, kisha kimya, kisha inaanza tena, na diski inapotea kwenye orodha: ama kichwa kimekufa, ama umeme wake haumtoshi motori. Zima, nenda kwenye sehemu ya umeme hapa chini. Na mkwaruzo wa chuma juu ya chuma haujadiliwi: zima sasa hivi, hata kama faili lilikuwa halijamaliza kuhifadhiwa. Kila mzunguko wa sahani unakwangua data.

Kuhusu zile dawa za mtaani za kuitia diski kwenye friza au kuigonga na mpini wa nyundo: friza inaleta unyevu juu ya sahani, na nyundo inafanya kazi ya nyundo. Kuifungua kifuniko "kuangalia tu" ni mbaya zaidi. Kichwa huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache. Chembe ya udongo wa Katanga ni kubwa mara elfu na zaidi ya umbali huo.

Soma cheti chake cha afya

Kila diski huweka kumbukumbu zake yenyewe, zinazoitwa SMART. Kwenye Windows pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure. Kwenye Linux sakinisha smartmontools, tazama jina la diski kwa lsblk, kisha andika (ukiweka jina hilo badala ya sdb, hapa na kwenye amri zote zinazofuata):

sudo smartctl -a /dev/sdb

Usitishwe na wingi wa mistari. Ninayoangalia mimi ni michache. Namba 5 ni sehemu zilizoharibika zikahamishwa. 197 ni zile zinazosubiri hukumu. 198 ni zilizoshindikana kabisa. Zote tatu zikiwa sifuri, hiyo ni dalili njema. Namba 5 ikiwa na thamani ndogo ambayo haijaongezeka kwa miezi, diski bado inaweza kutunza filamu. Ikiongezeka wiki hadi wiki, ihamishe data yote. Kwa 197 sina subira: ikitoka kwenye sifuri, ninanakili siku hiyo hiyo.

Namba 10 inahesabu mara ambazo sahani zilishindwa kuanza kuzunguka kwa jaribio la kwanza. 199 ni makosa ya njiani, na karibu kila mara lawama ni ya kebo ya data, si ya diski. Kebo mpya ni rahisi kuliko diski. 193 ni ule uegeshaji wa kichwa tuliouzungumzia, 192 ni kuzimika ghafla, na hapa kwetu usishangae kuikuta kubwa. 9 ni saa ambazo diski imekuwa ikifanya kazi, na 194 ni joto.

Tahadhari mbili. CrystalDiskInfo huonyesha thamani ghafi kwa mtindo wa hex (hesabu ya msingi wa 16) mpaka uibadilishe kwenye mipangilio, kwa hiyo "64" unayoiona ni 100. Na diski za Seagate huonyesha namba za kutisha kwenye mstari wa 1 na wa 7 hata zikiwa mpya. Mistari hiyo huisomi kama hesabu ya makosa.

Ukiona dalili mbaya, na data bado imo ndani, chombo bora ninachokijua ni ddrescue ya Linux. Kinachukua kwanza yote yanayosomeka kwa urahisi, na sehemu ngumu kinaziacha za mwisho:

sudo ddrescue -n /dev/sdb diski.img diski.map

Utahitaji diski nyingine yenye nafasi kubwa kuliko hiyo, na uifanye amri hiyo ukiwa umeingia kwenye folda ya diski hiyo nyingine.

Umeme na kebo

Motori ya diski ya mezani inapoanza kuzunguka hunyonya karibu ampea 2 kwenye laini ya volti 12. Pawasaplai iliyochoka, ambayo imekula miaka ya umeme unaoruka, inashindwa kwenye sekunde hizo. Sahani zinaanza, zinakosa nguvu, kichwa kinagonga, zinaanza tena. Mtu anasikia klak-klak na kuzika diski iliyo nzima. Kabla ya kuilia, ijaribu kwenye pawasaplai nyingine, au angalau kwenye tawi jingine la waya. Ukikuta diski imeunganishwa kwa kiungo cha kubadilisha umbo la plagi, hasa kile chenye plastiki iliyomwagwa juu ya nyaya, kiondoe. Vinajulikana kwa kuungua.

Umeme ukikatika, zima swichi ya mashine na usubiri dakika kadhaa baada ya kurudi. Dakika za kwanza ndizo zenye mipigo mikali, mtaa mzima ukiwasha friji kwa pamoja. Reguleta husawazisha volti lakini haishiki mashine umeme ukikatika. Kwa hilo unahitaji ondulea (kile kifaa chenye betri, UPS), hata ndogo ya kukupa dakika tano za kuzima kwa utaratibu.

Mtikisiko: skrubu na mpira wa baiskeli

Diski imepita vipimo, kinachokukera ni mvumo. Fungua keisi uitazame ilivyokaa. Kwenye mitumba ni kawaida kukuta skrubu mbili badala ya nne, zote upande mmoja, au diski imeachwa ikiegemea bati. Dell nyingi za OptiPlex zina kitanda cha plastiki ya buluu, na HP nyingi za ofisi hutumia skrubu zenye pete ya mpira. Vitu hivyo vimewekwa kwa ajili ya kelele, na ndivyo vinavyopotea kwanza mashine ikipita mikono mitatu. Ukivipata kwenye mashine iliyokufa kwa fundi, nunua.

Diski ya mezani, ya inchi 3.5, hutumia skrubu za uzi mpana. Ya laptopu, ya inchi 2.5, hutumia M3, skrubu nyembamba zaidi. Ya M3 ikiingizwa kwenye diski kubwa huingia ikicheza, mtu anadhani imeshika, na hiyo ndiyo inayolia dzzz usiku.

Ukikosa pete za kiwandani, tyubu ya baiskeli iliyozeeka inatosha. Ioshe kwa sabuni itoke ule unga mweupe, ikaushe, ikate vipande vya mraba wa sentimita moja na nusu, toboa katikati kwa msumari wenye ncha, na uweke kipande kimoja kati ya diski na bati kwa kila skrubu. Skrubu itahitaji kuwa ndefu kidogo, lakini isizame ndani ya diski zaidi ya milimita 3 hivi. Ikaze mpaka mpira uanze kubonyea, uishie hapo. Ukiukandamiza hadi ukabapae, bati na diski vimekuwa kitu kimoja tena na umefanya kazi bure.

Njia yenye nguvu zaidi ni kuining'iniza. Keisi ndefu nyingi zina nafasi pana ya kisoma DVD ambacho hakuna anayekitumia tena. Kata tyubu vipande vya upana wa sentimita 2, uvifunge kuvuka nafasi hiyo, viwili juu na viwili chini, diski ikae katikati bila kugusa chuma popote. Ikae bapa au kwa ubavu wake, si mshazari. Matokeo yake yanashangaza. Mvumo unaondoka karibu wote. Ila mashine hiyo haibebwi tena kwenda kwa rafiki bila kuitoa diski kwanza. Kila baada ya miezi michache iangalie, kwa sababu joto linalegeza mpira.

Usiifunge diski kwa sponji wala kitambaa. Inahitaji hewa. Nyingi huandikwa kikomo cha digrii 60, lakini mimi sipendi ipite 45, na mwezi wa kumi, kabla ya mvua, chumba chenye paa la bati kinaanza tayari kwa zaidi ya 30. Kile kitundu kidogo kwenye kifuniko chenye onyo kwamba kisizibwe ndicho diski inachopumulia. Mpira usipite juu yake.

Mwisho wa habari ya mtikisiko ni mahali pa kuweka mashine. Meza ya mbao yenye uwazi chini inafanya kazi ya ngoma. Iteremshe mashine, lakini usiiache sakafuni kwenye vumbi: matofali mawili na vipande vya ndala za zamani juu yake vinatosha.

Kuilaza

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko yote. Windows nyingi za huku ni za Kifaransa, kwa hiyo nitataja maneno utakayoyaona kwenye skrini. Fungua Panneau de configuration, ingia Options d'alimentation, kwenye mpango unaoutumia bonyeza Modifier les paramètres du mode, halafu Modifier les paramètres d'alimentation avancés. Chini ya Disque dur kuna Arrêter le disque dur après. Weka dakika 20. Njia fupi, kwenye dirisha la amri:

powercfg /change disk-timeout-ac 20

Usiweke dakika 1 au 2 kwa hasira. Kuanza kuzunguka ndiyo kazi nzito kuliko zote kwa motori. Diski inayolala na kuamka kila mara inachakaa kuliko inayozunguka tu. Kati ya dakika 20 na 30 ni sawa kwa ghala.

Kwenye Linux, hii inailaza papo hapo:

sudo hdparm -y /dev/sdb

Na hii inaipa nusu saa ya utulivu kabla ya kulala:

sudo hdparm -S 241 /dev/sdb

Ili ibaki hivyo baada ya kuwasha upya, iandike kwenye /etc/hdparm.conf ukiwa na Ubuntu au Debian. Kuangalia kama imelala bila kuiamsha, tumia hdparm -C. Kwa ile tik ya uegeshaji, jaribu hdparm -B 254. Diski za Western Digital zisizotii amri hiyo hutii idle3ctl -d, kisha uzime mashine kabisa, si kuianzisha upya.

Kama tayari Windows imewekwa dakika 20 na diski hailali, kuna anayeiamsha. Fungua Moniteur de ressources, kichupo cha Disque, uangalie ni programu gani inayosoma herufi ya diski hiyo. Wanaokamatwa mara nyingi: faili la Mémoire virtuelle lililowekwa D, programu ya torenti, folda ya Téléchargements iliyohamishiwa humo, kiua virusi, na Options d'indexation inayopekua filamu zako kana kwamba kesho utaulizwa majina yake. Waondoe mmoja mmoja. Na CrystalDiskInfo yenyewe ukiiacha wazi inaiuliza diski habari kila baada ya muda; ifunge ukimaliza kusoma.

Diski ikiwa imelala, ukibonyeza "hifadhi" kwenye programu yoyote mashine inaweza kuganda sekunde kadhaa ikisubiri sahani zifikie mwendo wake. Usibofye mara tano. Hiyo ndiyo gharama ya kimya, na wengine hawaivumilii. Kwao kuna Gestion des disques: bofya kulia kwenye namba ya diski, chagua Hors connexion, na Windows haitaigusa mpaka uirudishe.

Kuitoa kabisa

Ukigundua unaifungua mara moja kwa wiki, haina haja ya kukaa ndani. Itie kwenye kiboksi cha USB na uichomeke inapohitajika. Ya inchi 2.5 hula umeme wa USB wenyewe. Ya inchi 3.5 inataka adapta yake ya volti 12, usikubali kiboksi kisicho nayo. Subiri nusu dakika baada ya kuichomoa kabla ya kuisogeza, sahani zisimame.

Ukienda kutafuta nyingine ya mtumba sokoni Kenya (ile komini yetu, wasomaji wa Nairobi msichanganyikiwe), muuzaji atakuambia, "Papa, hii ya Ulaya, haina shida." Mjibu kwa heshima, "Sawa, ndugu, tuichomeke tuone." Tazama 5, 197 na 9. Diski yenye saa 40,000 imefanya kazi zaidi ya miaka minne bila kupumzika, na bei iseme hivyo. Kisha iache izunguke dakika kumi mezani pake, uishike mkononi, usikilize. Akikataa kuichomeka, nenda meza ya jirani.